KIPIMO CHA MAJI NI MALI YA WANYWAJI

Mwezi wa Julai, mwaka 2013, katika mji wa Amman, makao makuu ya ufalme wa Yordani, mabomba yalifunguliwa kupitisha maji yaliyokuwa yamelala chini ya ardhi kwa maelfu ya miaka. Maji hayo yalisafiri kilomita 325 kutoka Disi, jangwani upande wa kusini, karibu na mpaka wa Saudi Arabia. Visima 55 vilichimbwa kuyavuta kutoka katika mwamba mnene wa mawe ya mchanga, na shabaha ya kazi yote ilikuwa kuwapatia watu mita za ujazo milioni 100 kila mwaka. Gharama yake ilifikia kiasi cha dola milioni elfu moja. Kwa nchi isiyo na mafuta na isiyo na mto mkubwa wa kwake peke yake, huo haukuwa mchezo.

Wala hakuna mwenye moyo atakayewalaumu watu wa Yordani kwa kuchimba. Nchi yao ni miongoni mwa nchi zenye maji machache kupita zote duniani. Maji mapya wanayoyapata, yakigawanywa kwa kila kichwa, hayafiki mita za ujazo 100 kwa mwaka. Mjini Amman nyumba nyingi hufunguliwa bomba mara moja kwa wiki, na kila paa lina matangi ya kuwekea akiba. Tangu mwaka 2011 nchi hiyo imewapokea mamia ya maelfu ya wakimbizi wa vita vya Shamu, nao wana kiu kama wenyeji wao. Mtu mwenye kiu akionyeshwa mwamba wenye maji, ataupiga, kama Maandiko yanavyotusimulia juu ya Musa na watu wake katika majangwa ya pande hizo hizo.

Lakini miaka minne kabla ya mabomba hayo kufunguliwa, yaani mwaka 2009, wataalamu waliokuwa pamoja na Profesa Avner Vengosh wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa wamepima maji ya visima 37 vya eneo la Disi. Waliona kwamba maji hayo, ingawa ni matamu na hayana chumvi nyingi, yamebeba radiamu, yaani madini yatoayo mionzi, kwa kiasi kilichofikia hata mara 20 ya viwango vinavyokubaliwa na mataifa kwa maji ya kunywa. Na watu walikwisha kuyanywa. Mji wa bandari wa Aqaba ulikuwa ukitumia maji ya Disi kwa miaka mingi, na mashamba makubwa yalikuwa yakiyamwagilia mimea.

Msomaji atauliza yanatuhusu nini mambo ya Amman, na sisi tuna yetu ya kutosha. Yanatuhusu kwa sababu kisima kirefu ni tumaini la nchi kame popote zilipo, na nchi kame tunazo. Yanatuhusu pia kwa sababu ya neno moja ambalo twataka kila mwanachama na kila mfanyakazi alishike tangu sasa: uchafu huu haukuletwa na mtu. Tukisikia habari za mionzi, mawazo yetu hukimbilia bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945, ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa na jasho la Waafrika katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Twafikiri lazima pawe na kiwanda, jeshi au bepari nyuma yake. Hapa hapana kiwanda wala jeshi. Ni ardhi yenyewe. Basi hatuna wa kumshitaki kwa kuyatia mionzi maji. Lakini tunao wa kuwauliza iwapo yamepimwa.

Sisi tuliofundishwa sayansi kidogo katika shule za misheni tulikaririshwa kwamba maji safi hayana rangi, hayana ladha wala harufu. Tulilisema neno hilo kwa sauti kama sala, tukaandika mtihani, tukafaulu. Kumbe maji ya Disi yangelifaulu mtihani huo kwa alama zote. Wana wa Israeli walipofika Mara ndimi zao ziliwaambia papo hapo kwamba maji yale ni machungu. Radiamu haiuambii ulimi neno lolote.

Na tuueleze mwenendo wake, kwa kuwa jambo lisiloeleweka ndilo linalozaa uvumi. Karibu kila jiwe duniani lina chembe za urani na thoriamu. Madini haya mawili hayatulii. Huvunjika polepole mno, yakageuka kuwa madini mengine, na hayo nayo yakavunjika, mpaka mwisho wa safari ni risasi, ile iliyo baridi na isiyo na mionzi. Urani ya kawaida huchukua kiasi cha miaka milioni elfu nne na nusu kupungua nusu yake. Thoriamu huchukua zaidi ya hapo mara tatu. Njiani, kabla ya kufika kwenye risasi, huzaliwa radiamu. Iko radiamu iitwayo 226, mtoto wa urani, ambayo hupungua nusu kwa miaka 1600. Na iko iitwayo 228, mtoto wa thoriamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka isiyozidi 6.

Chembe ya madini inapovunjika hutupa kipande chake kwa nguvu kubwa. Mwenye kufyatua bunduki hujua kwamba risasi ikienda mbele kitako humpiga bega kurudi nyuma. Ndivyo ilivyo hapa: chembe iliyobaki hupigwa teke la kurudi nyuma, na kama ilikuwa karibu na uso wa punje ya mchanga, hurushwa nje ikaangukia majini. Katika ardhi nyingine radiamu iliyorushwa hivyo haiendi mbali, kwa maana udongo wa mfinyanzi na kutu ya chuma huinasa na kuishika. Mawe ya Disi ni mchanga mtupu, yana mfinyanzi mchache sana wa kuishika. Ikishaingia majini hubaki majini. Wataalamu wengi walizoea kudhani kwamba radiamu nyingi hutafutwa katika maji ya chumvi au yale yasiyo na hewa ndani yake. Disi imewaonyesha kwamba hata maji matamu yenye hewa yaweza kuwa nayo, maadamu mwamba ni wa namna hiyo.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulikosea. Hudhani kwamba radiamu ni taka ya kale iliyorundikana, na ya kwamba pampu zikivuta miaka mitano au kumi itakwisha. La hasha. Ile ya 228, ambayo nusu yake hutoweka kabla ya miaka 6, isingaliweza kuwamo leo kama isingalikuwa inazaliwa kila siku. Mwamba unaizaa bila kuchoka, nao utaendelea kuizaa hata baada ya maji yenyewe kukauka.

Sasa mwilini. Mwili wa binadamu hutambua chokaa iliyomo katika chakula na maji na kuipeleka kwenye mifupa na meno. Radiamu inafanana na chokaa hiyo kwa tabia, hata mwili hudanganyika. Sehemu ya radiamu inayoingia hupelekwa kwenye mifupa, ikakaa humo ikitoa mionzi yake. Kwa sababu hiyo mtoto mchanga, ambaye mifupa yake ndiyo kwanza inajengwa, huathirika kuliko baba yake ingawa wanakunywa kwenye kisima kimoja.

Haya hayakugunduliwa na wataalamu kwa hiari yao. Yaligunduliwa kwa miili ya wafanyakazi. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey huko Marekani, na katika miji mingine kadhaa, wasichana waliajiriwa kupaka nambari za saa kwa rangi iliyochanganywa na radiamu ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuinoa ncha ya brashi kwa midomo yao. Kila nambari, ulimi. Baada ya miaka michache meno yakaanza kung'oka, mataya yakaoza, mifupa ikavunjika, na wengine wakafa wangali vijana. Waajiri walikana. Ilikuwa vigumu kwa wasichana hao kupata hata wakili wa kuwasemea, na kesi ya watano miongoni mwao ilimalizwa kwa mapatano mwaka 1928, wakati wao wenyewe walikuwa wagonjwa mahututi. Kiasi walichomeza wao kilikuwa kikubwa sana kupita kile kinachoweza kupatikana kisimani, na si haki kuvilinganisha vitu hivyo viwili kana kwamba ni sawa. Twawataja kwa sababu nyingine. Walioijua hatari walikuwapo. Waliokuwa wakiimeza hawakuambiwa.

Na hapo ndipo penye shauri letu la leo. Wakuu wa maji wa Yordani walipoulizwa juu ya uchunguzi wa mwaka 2009 walijibu kwamba maji ya Disi yatachanganywa na maji ya vyanzo vingine kabla ya kufika majumbani, na kwa njia hiyo kiasi cha radiamu kitashuka. Jibu hilo si la kipuuzi. Kuchanganya ni njia ya kweli: ndoo ya maji yenye radiamu ukiitia pamoja na ndoo ya maji yasiyo nayo, kila ndoo itabeba nusu. Lakini njia hiyo inataka pawe na hiyo ndoo ya pili. Nchi isiyo na maji itaitoa wapi kwa miaka 50? Visima vya juu vya Yordani vinavutwa kupita kiasi na maji yake yanazidi kushuka na kuingia chumvi. Kadiri vinavyodhoofika ndivyo Disi inavyozidi kuwa nyingi ndani ya mchanganyiko. Zipo njia nyingine, za kuchuja radiamu kwa mitambo au kuitupisha chini kwa chokaa, nazo hufanya kazi vizuri. Ila zina gharama, na yale machujio yaliyotumika hugeuka kuwa taka yenye mionzi, ambayo lazima pawe na mtu wa kuibeba na mahali pa kuizika. Mtu huyo atakuwa ni mfanyakazi, wala si mkurugenzi.

Basi hatusemi Yordani ilikosea kuyachota maji yale. Twasema kwamba hoja ya kweli si "yanyweke au yasinyweke"; hoja ya kweli ni kama mama wa Amman anayekinga bomba lake mara moja kwa wiki anaijua namba ya maji yanayoingia katika tangi lake. Serikali inaweza kuamua, kwa kukosa njia nyingine, kwamba watu wanywe maji yenye dosari fulani. Haiwezi, kwa haki yoyote tuijuayo, kuamua hivyo na kunyamaza.

Tunajua watakaotujibu. Watasema: mkiwaambia wananchi habari za mionzi mtawatia hofu, watakimbia visima. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, nasi hatutaki kuwa wachochezi wake. Tuseme wazi: mtoto anayekunywa maji ya lambo lililokanyagwa na ng'ombe aweza kuhara na kufa kabla ya wiki kwisha, anayekunywa maji ya kisima kirefu chenye radiamu kidogo anaongezewa uwezekano mdogo wa kupata saratani miaka mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha tahadhari cha milisiveti 0.1 kwa mwaka kutokana na maji ya kunywa. Na binadamu wa kawaida hupata kama milisiveti 2.4 kila mwaka kutokana na ardhi anayoikanyaga, hewa anayoivuta, anga na chakula. Kupita kidogo kipimo cha 0.1 si hukumu ya kifo. Ni ishara ya kwamba maji yachunguzwe zaidi na njia ya kuyarekebisha itafutwe. Anayekiacha kisima kirefu na kurudi lamboni kwa sababu ya habari hizi ameacha mbachao kwa msala upitao. Na anayedhani kwamba kuyachemsha kutamwokoa, ajue kuwa moto huua vijidudu tu. Radiamu na urani hubaki sufuriani, na kwa vile mvuke umeondoka na maji, kila kikombe kilichobaki kimezidi kidogo. Gesi ya radoni peke yake, ambayo nayo ni ya ukoo huo huo, ndiyo huondoka maji yakitikiswa au yakiachwa wazi penye hewa.

Hayo yote mwananchi anaweza kuyaelewa akielezwa. Watu walioelewa kwamba mbu ndiye mwenye malaria watashindwaje kuelewa hili? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ofisi inayoficha vipimo ili kuzuia hofu ndiyo inayoipanda, maana siku moja karatasi itaonekana.

Huko Bara Hindi wamepata fundisho la namna nyingine. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza uchunguzi uliohusu visima 324 vya majimbo makavu ya Rajasthan na Gujarat, ambamo waliona urani katika vingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani mikrogramu 30 kwa lita. Urani ndani ya maji huogopewa hasa kwa sumu yake kwenye figo kuliko kwa mionzi yake. Mwamba ndio wenye urani, ni kweli. Lakini wachunguzi walionyesha kwamba mikono ya watu nayo ilisaidia. Maji yalivyovutwa kupita kiasi hata kina chake kikashuka, na mbolea ilivyopenya ardhini, ndivyo urani ilivyoachiliwa na mawe kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo kisima kilichopimwa kikaonekana kizuri mwaka fulani chaweza kubadilika. Kupimwa mara moja, siku ya kukata utepe, hakutoshi.

Turudi nyumbani, kwa kuwa sisi tunalo fundisho letu wenyewe, na la zamani. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, maji hutoka katika miamba ya volkano yakiwa na madini ya floridi. Nayo ni ya asili, hayakuletwa na mtu. Nayo hukimbilia kwenye meno na mifupa, kama radiamu. Sote tumewaona ndugu zetu wenye meno ya rangi ya kahawia, na wako watoto ambao miguu yao ilipinda hata wasiweze kukimbia na wenzao. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka viwango vya muda vya maji ya vijijini, na humo floridi iliruhusiwa kufika miligramu 8 kwa lita, hali kiwango cha mataifa kilikuwa kama 1.5. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hesabu ile ile ya Amman: tukikataa maji haya, wananchi watakunywa nini? Kosa halikuwa katika namba. Lilikuwa katika yale maneno mawili, "ya muda". Muda huo ulikwenda miongo. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1974 alimaliza kuota meno yote, la kwanza na la pili, akaoa au kuolewa, na bado muda haujaisha. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kusifiwa ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo mwanakijiji anaweza kuimiliki. Kama kingalipewa nguvu mapema zaidi, sura za watu wengi zingalikuwa nyingine.

Na sasa Dodoma na Singida. Katika mabonde ya Bahi na Manyoni iko urani. Hilo si siri. Watafutaji wa madini walipita kuipima, na wengine wakarudi miaka ya 2000 bei ya urani ilipopanda. Urani hiyo haikulala kilindini tu. Mvua za maelfu ya miaka ziliikwangua kutoka katika miamba migumu ya granaiti ya uwanda huo, zikaiteremsha kwenye mabonde yasiyo na njia ya kutokea maji. Jua likayakausha maji, na urani ikabaki imeshikamana na matope na chokaa karibu na uso wa nchi. Juu ya nchi hiyo hiyo watu wanalima mpunga, wanachemsha chumvi, wananywesha ng'ombe na kuchota maji. Mjadala wa miaka ile ulikuwa juu ya mgodi: uchimbwe au usichimbwe. Wakaaji walipiga kelele, na walikuwa na haki. Lakini mgodi usipochimbwa, je, maji yamekwisha kupimwa? Urani haingoji kampuni ije ndipo iyeyuke.

Hatusemi kwamba maji ya Bahi ni mabaya, na atakayetangaza hivyo kwa kututaja sisi atakuwa ametusingizia. Visima viwili vilivyo umbali wa kutupa jiwe vyaweza kuwa na maji tofauti kabisa, kwa kuwa kimoja kimepita katika ufa huu wa mwamba na kingine katika ufa ule. Hii ndiyo sababu ya kupima kisima, wala si kupima wilaya. Mji mkuu wetu wa Dodoma wenyewe hutegemea zaidi visima vya bonde la Makutupora, ambavyo tofauti na Disi hujazwa upya na mvua, hasa zile kubwa za mara chache kama za mwaka 1997 na 1998. Mji unakua, pampu zinavuta zaidi, na tumeona huko Rajasthan uvutaji unavyoweza kubadili maji.

Vyombo vya kazi hii tunavyo. Iko Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Uko Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2019. Ziko maabara za maji mikoani. Kazi ya kwanza haina ughali wa kutisha: maji hupimwa jumla ya mionzi yake ya aina mbili, alfa na beta, na yakionekana chini ya bekereli 0.5 kwa lita kwa alfa na 1 kwa beta, hayahitaji uchunguzi zaidi wa mionzi. Urani hupimwa peke yake, kwa sababu ya ile sumu ya figo. Yale machache yatakayozidi ndiyo yatakayotafutiwa radiamu yake ni ngapi na ya namna gani. Anayesema nchi yetu ni maskini mno kufanya hivyo atuambie kwanza gharama ya kuchimba kisima kimoja kirefu ni kiasi gani, kisha aweke gharama ya chupa chache za maji za kupeleka maabara kando yake.

Kwa hiyo twawaambia wanachama wa matawi yote ya nchi kame: mkandarasi atakapokuja kukabidhi kisima, msitosheke na kuonja. Ulizeni cheti cha maabara, na mtazame kama kina mstari wa mionzi na mstari wa urani, si chumvi na vijidudu peke yake. Kama hakina, andikeni katika kumbukumbu za mkutano kwamba hakina, na mwenyekiti atie sahihi. Mabalozi wa mashina wanaweza kulifanya hili bila kungoja amri kutoka juu. Jumuiya za watumia maji, ambazo ndizo zinazokusanya fedha za ndoo, zitenge kidogo katika fedha hizo kwa ajili ya kupima tena baada ya miaka michache, na mapema zaidi endapo kina cha maji kisimani kitashuka.

Nao wafanyakazi wa mitambo ya kuchimba, wa pampu na wa mabomba wanalo la kwao. Wao hushika vumbi la mwamba kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndani ya mabomba ya visima vya namna hii hujengeka ukoko mgumu ambao waweza kukusanya radiamu kuliko maji yenyewe. Fundi anayeukwangua kwa tezo, akiupuliza kwa mdomo ili aone kama bomba limezibuka, anafanya kwa ujinga aliobakishiwa yale waliyofanya wasichana wa New Jersey kwa kufundishwa. Chama cha wafanyakazi kiwadai waajiri barakoa, glavu na maelezo kwa Kiswahili, na kisingoje ajali, kwa sababu ajali ya namna hii haina mlio.

Kwa wakubwa wa idara tuna ombi moja tu. Vipimo vya Disi vilisomwa na wataalamu wa dunia nzima katika jarida la sayansi la lugha ya Kiingereza kabla ya wengi wa wanywaji kuvisikia. Vipimo vya visima vyetu visikae kwenye makabati. Kwenye kila kioski cha maji pana kibao cha bei ya ndoo. Kibao hicho kina nafasi ya mistari mingine mitatu: tarehe ya kupimwa, jina la maabara, na namba iliyoonekana kando ya namba inayoruhusiwa. Kopo moja la rangi litatosha vioski vya tarafa nzima.